Nina miaka 47 na riwaya za majoka hazinishiki tena. Nimepungukiwa na nini?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Morogoro, na mwaka huu nimefikisha miaka 47. Tangu darasa la sita mpaka namaliza kidato cha nne sikusoma kitu kingine ila hadithi za majini, majoka, wachawi na vyombo vya angani. Nilisoma kwa koroboi mpaka mama ananigombeza. Juzi nikanunua riwaya nene ya fantasia, ya falme na majoka, nikasema nirudie raha yangu ya zamani. Nimefika ukurasa wa 70 nikashindwa. Binti yangu wa miaka 13 ameichukua hiyohiyo, kwa siku nne ameimaliza, na sasa anataka ya pili. Je, akili yangu imekauka? Au vitabu vya siku hizi ndivyo vibovu? Na mtu wa umri wangu ana haja gani na mambo haya, si ayaache kwa watoto?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye lile neno koroboi. Mtu aliyesoma kwa koroboi mpaka akagombezwa hakaukiwi akili kwa kufikisha miaka 47. Kuna kitu kimebadilika kweli, ila si hicho unachokiogopa. Nitakueleza kwa kirefu, maana kilinipata mimi kabla yako. Kwa zaidi ya miaka 30 ya kufundisha fasihi na kutunza maktaba ya shule hapa Tanga nimekiona kikiwapata wengi, na wapo walioacha kusoma kabisa kwa kudhani kasoro ni yao.

Ninacho kitabu nilichonunuliwa na baba yangu nikiwa na miaka 13: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Jalada limeshonwa kwa uzi. Hadithi yenyewe labda unaikumbuka. Ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria, na anapojitetea mbele ya baraza anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na habari za kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Alama zangu za penseli za miaka 13 zote ziko kwenye safari. Ndani ya jalada la nyuma nimechora ramani, Kusadikika katikati na mishale sita ikitoka, ule wa mbinguni nimeupamba kwa nyota. Kwenye kurasa za baraza hakuna hata nukta. Nilikuwa naziruka kama mtoto anayekula mboga akaacha ugali.

Nilikirudia nikiwa na miaka 44. Wakati huo nilikuwa nimeshamwona mwalimu mwenzangu akihamishwa ghafla kwa sababu alisoma hesabu za fedha mbele ya kikao cha wazazi kama zilivyokuwa, bila kuficha. Safari hii wajumbe niliwapita haraka. Nilikaa na baraza. Nilikaa na wale watu waliokuwa wakimsikiliza Karama, waliowahi kuwaona wajumbe wakifungwa mmoja baada ya mwingine wasinyanyue mdomo. Nikaweka alama kwa kalamu ya bluu. Leo ukikifungua kitabu kile utaona wasomaji wawili wamegawana kurasa, na wote wawili ni mimi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Mtoto na mtu mzima huingia katika nchi ileile ya kubuni na maswali tofauti. Mtoto anauliza: huko kuna nini? Joka lina ukubwa gani, upanga ule unakata mpaka chuma, chombo kile kinafika nyota ile kwa siku ngapi? Mtu mzima anauliza: haya yote analipa nani? Jeshi la watu 50,000 linakula nini na anayepika ni nani? Yule askari aliyekufa ukurasa wa 12 bila hata kutajwa jina, mkewe ataishije? Ukishaanza kulea, kulipa ada, kuuguza na kuzika, maswali haya yanakujia yenyewe, huyaiti. Riwaya iliyoandikwa kulijibu swali la kwanza peke yake itakuchosha kabla ya ukurasa wa 70, hata kama mwandishi wake ni fundi.

Wapenzi wa bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni za sayansi na vyombo vya angani, kule Marekani wana usemi wa tangu zamani, kwamba zama za dhahabu za bunilizi ya kisayansi ni miaka 12. Wanahistoria wa fasihi hiyo wakitaja zama za dhahabu huwa wana maana ya kipindi kilichoanza mwaka 1938 hivi, John W. Campbell alipokuwa mhariri wa jarida la Astounding. Usemi unawarekebisha: zama hizo usizitafute kwenye kalenda, zitafute kwenye umri wa msomaji. Mchukue Isaac Asimov, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi hizo. Hadithi ya kwanza ya mfululizo wake wa Foundation aliiandika mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 21, ikatoka katika jarida hilohilo la Campbell mwaka 1942. Wazo lake ni zito: mtaalamu wa hisabati anapiga hesabu ya mwenendo wa umati wa watu, anaona dola kuu itaanguka na kufuatiwa na giza la miaka 30,000, na anatafuta namna ya kulifupisha liwe la miaka 1,000. Nilipoisoma nikiwa na miaka 17 sikulala. Nilipoirudia nikiwa na miaka 50 wazo lilikuwa bado linang'aa, lakini nikawa nawaulizia watu. Wanaume wanaingia chumbani, wanabishana, wanatoka. Wanawake katika hadithi zile za mwanzo karibu hawapo. Hakuna anayeugua, hakuna mwenye mama mzee nyumbani. Simlaumu Asimov hata kidogo. Alikuwa kijana akiwaandikia vijana wenzake, na aliwapa kile hasa walichokuwa na njaa nacho.

Kuna na mazoea. Binti yako anapokutana na mvulana yatima anayelelewa na mjomba mkali, kisha ikajulikana kuwa ndiye mrithi wa kiti cha enzi, kwake ni mara ya kwanza au ya pili. Wewe mvulana huyo umeshakutana naye mara ishirini, na mzee wake mwenye fimbo na ndevu unamfahamu pia. Ukurasa wa tisa unajua nani atakufa. Kwa hiyo usimwone binti kuwa anameza kitu rahisi. Anakula kwa mara ya kwanza chakula ulichokula wewe ukashiba.

Na kuhusu vitabu vya siku hizi kuwa vibovu, hapana. Vibovu vilikuwepo hata wakati wetu, ila tumevisahau. Wataalamu wa kumbukumbu wameona kuwa watu wenye umri mkubwa wakiombwa kusimulia maisha yao, mambo ya kati ya miaka 10 na 30 huwajia kwa wingi usio wa kawaida. Vitabu vya umri huo vimefumwa pamoja na sauti, harufu na watu. Hiyo riwaya nene ya watu ilikuwa imewekwa kwenye mizani na koroboi, na moshi wake puani, na mama yako akiita kutoka chumba cha pili. Kitabu gani kingeshinda?

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake aliyekua ni mwandishi pamoja na wasomaji wake. Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1929, aliombwa na mchapishaji aandike kitabu cha vijana. Mwaka 1968 akatoa A Wizard of Earthsea. Ni dunia ya visiwa na mashua, sisi watu wa pwani tunaiingia kwa urahisi. Ged, mvulana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ana kipaji cha uchawi, anapelekwa kwenye shule ya wachawi kisiwani Roke, na huko kwa kiburi cha ujana anamwita mfu mbele ya wenzake. Kwenye ufa unaofunguka hapo kinatoka kivuli kinachomwandama bahari hadi bahari, mpaka siku anapogeuka akaanza kukiandama yeye. Vitabu viwili vilifuata, mwaka 1971 na 1972. Katika cha tatu Ged ni mkuu wa wachawi wote, na anatumia nguvu zake zote, mpaka tone la mwisho, kuuziba mlango uliofunguka kati ya walio hai na wafu. Vijana walikifunga kitabu wameshiba.

Ikapita miaka 18. Mwaka 1990, Le Guin akiwa na miaka 60, kikatoka Tehanu. Msomaji anangoja kumwona shujaa akipokewa kwa vigelegele. Ged anafikishwa Gont mgongoni mwa joka, hajiwezi, uchawi umemwisha. Wajumbe wa mfalme wanapomfuata anaona haya, anajificha, na baadaye anakwenda kuchunga mbuzi kama utotoni. Na hadithi yenyewe si yake tena. Ni ya Tenar, aliyekuwa msichana kuhani katika kitabu cha pili, ambaye sasa ni mwanamke wa makamo, mjane wa mkulima, anayemlea mtoto wa kike aliyetupwa motoni na watu wake mwenyewe, upande mmoja wa uso umeungua. Kurasa kwa kurasa ni kazi za nyumbani, na mtoto anayeogopa kila mgeni anayebisha hodi.

Kilipata Nebula, tuzo ya Marekani ya bunilizi za kisayansi na fantasia, na hata hivyo walikuwepo wasomaji waliokikasirikia: walimtaka Ged wao, wakapewa mwanamume asiye na kitu. Nawaelewa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza, nikiwa na miaka 30 na kitu, nilikiacha katikati. Nilikirudia nikiwa na miaka 52, mwaka aliostaafu mume wangu. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa sebuleni, hana pa kwenda. Wageni wa zamani wa ofisini wakija anatoka kwa mlango wa uani. Nilipofika pale Ged anapojificha asionekane na watu wa mfalme, nilikifunga kitabu nikaenda kukaa naye. Sikumwambia neno. Nilikuwa nimeishi naye miezi mitatu katika hali ile nisielewe ninachokitazama, na kitabu cha majoka ndicho kilichonionyesha.

Hii ndiyo sababu siafikiani na wewe kwamba uyaache kwa watoto. Mtu akistaafu, au akiugua, akisema nguvu zimeniisha, sisi tunaosikia tunachukulia ni maneno tu ya mtu mchovu. Katika fantasia nguvu zilikuwepo kweli, zilituliza matetemeko ya ardhi, na zimekwisha kweli. Msiba mdogo wa sebuleni unapewa ukubwa wake halisi. Riwaya ya maisha ya kawaida inaweza kunieleza huzuni ya mume wangu. Fantasia ilinipimia uzito wake.

Na wala si mawazo yangu peke yangu. Machi 1939, katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa mhadhara kuhusu hadithi za maajabu. Alikuwa na miaka 47, umri wako hasa. Alisema kuwa kuzihusisha hadithi hizo na watoto ni ajali tu ya historia ya nyumba za watu: zimepelekwa chumba cha watoto kama samani kuukuu zinavyopelekwa huko, wakubwa wamezichoka, basi, wala si kwa sababu watoto wamezichagua. Akasema pia kwamba yeye mapenzi yake ya kweli kwa hadithi hizo yaliamshwa na elimu ya lugha alipokuwa anaingia utu uzima, kisha yakakomazwa na vita. Vita anavyovitaja, Vita vya Kwanza vya Dunia, alivipigana, alikuwa mtaroni kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. The Hobbit, kitabu chake cha watoto, kilikuwa kimetoka miaka miwili kabla ya mhadhara ule. Kazi yake kubwa, The Lord of the Rings, ilianza kutoka mwaka 1954, naye ana miaka 62.

Kwetu jambo hili halikuhitaji mhadhara. Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita lililoandikwa Pate mwaka 1728, halikutungwa kwa ajili ya watoto. Katika Alfu Lela Ulela, anayesimuliwa majini na bahari za maajabu usiku baada ya usiku ni mfalme mtu mzima aliyeumizwa na ndoa yake akageuka muuaji, na hadithi ndiyo inayomtibu. Nadhani sisi tulianza kuziona hadithi hizi kuwa za watoto zilipoingia kwenye vitabu vya darasani na kuzungushiwa maswali ya mtihani, na hilo linaniuma, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliotunga maswali hayo.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu kingine, fanya hivi. Itafute Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Kurasa zake ni chache. Kutoka utotoni utakuwa unakumbuka manyani wawili wanaochapwa kila usiku na gavana mwema, na ile hamu ya kutaka kujua kwa nini. Sasa isome ukijua tangu mwanzo kuwa manyani wale ni kaka zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, wakageuzwa na Huria, binti wa kijini, naye Adili akaamriwa awachape kila usiku apende asipende. Soma polepole pale anapoinua kiboko. Sijui habari za ndugu zako, ila mtu wa miaka 47 mara nyingi anaye mmoja waliyekosana naye, kwa shamba la urithi au kwa mkopo usiolipwa. Fumbo la manyani halitakukesha tena. Mkono wa Adili utakukesha.

Ukimaliza hapo, nenda kwa Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kutiwa katika chombo kinachorushwa angani, na badala ya kufa anafika kwenye nchi ambayo jina lake ukilitamka taratibu unasikia wale ni sisi. Kijana anakisoma kwa ajili ya chombo. Wewe utakisoma kwa ajili ya kile alichokiacha Dzombo nyuma. Ukiwa unasoma Kiingereza bila taabu, mtafute Octavia Butler, Parable of the Sower. Kilichapishwa mwaka 1993 na hadithi yake inaanzia Julai 2024. Waliokinunua kipya walikisoma kama utabiri, sisi tunakisoma tarehe hiyo ikiwa imeshapita, na ukame, uhamaji na kuta za mitaa ya wenye nacho vyote vinafahamika. Ninavyoona, bunilizi ya kisayansi humfaa zaidi mtu mzima inapokaribia nyumbani namna hii. Miaka 3,000 ijayo ni ya binti yako. Miaka 30 ijayo ndiyo inayokunyima wewe usingizi, kwa sababu yeye atakuwa ndani yake.

Lipo jambo moja la mwili, na usilidharau. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na maandishi ya karibu huanza kufifia. Riwaya nene za fantasia huchapwa kwa herufi ndogo sana ili kupunguza kurasa. Nimewaona watu wazima watatu wakiapa kuwa wamechoshwa na riwaya, wakapimwa macho, wakapewa miwani, na mapenzi yakarudi. Kapime. Angalia pia unasoma saa ngapi. Ukianza kitabu saa nne usiku baada ya siku nzima ya kazi na simu mkononi, hujakipa nafasi. Mimi husoma baada ya sala ya alfajiri, nusu saa tu, na nimemaliza vitabu vingi kuliko nilivyomaliza nikiwa kijana wa kukesha.

Kwa binti, usimzuie wala usimharakishe. Atakapofika ya tatu kwenye mfululizo ule, muulize kitu kimoja tu mezani: katika ufalme ule, angependa kuwa nani asiye shujaa? Wanafunzi wangu swali hili liliwashika wiki nzima, mpaka wakaanza kuwatafuta wapishi na wachunga farasi kwenye kurasa walizozipita mbio. Halafu mtafutie riwaya iitwayo Binti ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, fupi kiasi cha kusomwa kwa siku mbili. Ni habari za msichana wa Kihimba wa Namibia anayetoroka nyumbani alfajiri kwenda kusoma chuo kikuu kwenye sayari nyingine, na jina lake ndilo hilo la kitabu. Isomeni wote wawili, yeye kwanza. Yeye ataondoka na msichana. Wewe, nakuambia mapema, utabaki mlangoni na waliolala ndani, wasiojua bado kuwa kitanda chake ni kitupu.